Faili Lizaalo na Faili Lizaliwalo

Kazi nyingi za mikono zina vitu viwili ambavyo asiye fundi hudhani ni kimoja. Mpiga chapa ana herufi zake za risasi na ana karatasi iliyochapwa. Mwashi ana ramani na ana nyumba. Mshonaji ana karatasi aliyoikata kwa kipimo na ana nguo iliyotoka katika karatasi hiyo. Kitu cha kwanza huzaa, cha pili huzaliwa. Mnunuzi huona cha pili tu, wala hana haja ya kujua cha kwanza kimelazwa wapi. Lakini fundi asipoijua tofauti ya viwili hivi, au akiviweka pamoja hata mkono wake ukachukua kimoja kwa kudhani ni kingine, hasara haina budi kuja. Na aghalabu huja siku ambayo hana nafasi ya kuipokea.

Ufundi wa kutengeneza kurasa za tovuti una jozi ya namna hiyo. Ukurasa huandikwa kwa lugha zaidi ya moja. Lugha ya HTML husema kilichomo: hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni picha. Lugha ya CSS husema sura ya hayo yote: rangi zake, ukubwa wa herufi zake, na nafasi iliyo kati ya kitu na kitu. Wazo la CSS lilitolewa na Håkon Wium Lie, mtu wa Norwei, tarehe 10 Oktoba 1994, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha CERN kilichoko Uswisi; na mwezi wa Desemba 1996 lugha hiyo ilipata idhini ya W3C, baraza liangaliālo kanuni za tovuti duniani. Ilikuwa lugha nyepesi kwa makusudi. Wepesi huo ulikuwa neema kwa mwenye ukurasa mmoja na adhabu kwa mwenye kurasa mia. Rangi iliyotumika mahali arobaini iliandikwa mara arobaini. Mwandishi alipotaka kuibadili alizunguka mahali pote arobaini, na pale alipopasahau palimwaibisha mbele ya wateja.

Mwaka 2006 Hampton Catlin alibuni lugha iitwayo Sass, na Natalie Weizenbaum akaikuza. Katika Sass rangi hupewa jina mara moja, na baada ya hapo hutajwa kwa jina. Amri zihusuzo kitu kimoja huweza kuwekwa ndani ya kitu hicho, kama vyumba ndani ya nyumba. Mwaka 2009 Alexis Sellier alitoa Less, ndugu yake wa karibu. Na mwaka 2010 Sass ilipata namna ya pili ya kuandikwa, SCSS, inayofanana na CSS hata mtu anayeijua CSS huweza kuisoma siku ile ile ya kwanza. Mfanano huo ulirahisisha kujifunza. Ulirahisisha na kukosea pia, kama itakavyoonekana.

Kivinjari, yaani ile programu ambayo kwayo watu hufungua tovuti, hakijui Sass. Hujua CSS peke yake. Basi baina ya mwandishi na kivinjari lazima awepo mfasiri, programu inayosoma faili la SCSS na kutoa faili la CSS. Mfasiri huyo kwa miaka mingi aliandikwa kwa lugha ya Ruby. Huyo alistaafishwa mwezi wa Machi 2019, na anayetumika leo ameandikwa kwa lugha ya Dart. Hana uvivu wala hana hisani. Kila faili la SCSS linapohifadhiwa, yeye hutoa tafsiri mpya, na tafsiri mpya huifuta ya zamani pasipo kuuliza iwapo ndani yake mna neno la thamani. Hawezi kulaumiwa kwa hilo. Kwake tafsiri ni tafsiri tu, na kitu cha thamani kipo katika asili.

Tafsiri hiyo iwekwe wapi? Swali ni dogo kwa kusikika, na watu wengi hulijibu kwa kutolijibu. Katika Visual Studio Code, kihariri cha msimbo kilichotangazwa na Microsoft mwezi wa Aprili 2015 na ambacho sasa kinatumiwa na wanafunzi wengi mno, kuna kiendelezi kiitwacho Live Sass Compiler, kilichoanzishwa na Ritwick Dey na kuendelezwa baadaye na Glenn Marks. Mtu akikisakinisha, kitufe kidogo hutokea chini ya dirisha. Akikibonyeza, mfasiri huanza kulinda zamu. Asipoambiwa pa kuweka tafsiri, huiweka pale pale ilipo asili. Mama na mtoto hulala kitanda kimoja.

Alikuwapo kijana mmoja katika mji wa Tanga aliyekuwa akijifunza kazi hii peke yake, usiku, kwa kompyuta aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Mwaka ule, mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, kijana alimtengenezea mama yake ukurasa wa tovuti wenye picha za magauni, bei zake, na nambari ya simu ya kuagizia. Ulikuwa ukurasa mmoja tu, na mapambo yake hayakuwa mengi. Lakini mama aliutazama kwa muda mrefu pasipo kusema, kisha akatoa akiba yake na kununua majora ya kitambaa kuliko alivyopata kununua mwaka wowote. Hakusema kwamba ameutumainia ukurasa. Majora yalisema.

Folda ya kazi ile ilikuwa moja, na kila kitu kilikuwa ndani yake: faili la HTML, folda ya picha, faili la "mtindo.scss", na chini yake "mtindo.css" ambalo mfasiri alikuwa akilitoa. Palikuwa pia na faili la tatu, "mtindo.css.map", ambalo kijana hakujua kazi yake. Aliliona kuwa takataka, akalifuta. Liliporudi akalifuta tena. Mwisho akatafuta katika mipangilio namna ya kulizuia lisitokee, akafaulu, akafurahi. Faili hilo si takataka. Ni ramani. Kivinjari huitumia kumwonyesha mwandishi kwamba amri fulani ya rangi au upana, ingawa imefika kwake kwa njia ya CSS, ilizaliwa katika mstari fulani wa SCSS. Ramani ikiondolewa, kivinjari hutaja mstari wa CSS tu, kwa kuwa ndio pekee kinaoujua. Kijana alikuwa ameng'oa kibao cha njia mwenyewe, kwa sababu hakupenda sura yake.

Usiku wa kumi na mbili wa Ramadhani, baada ya tarawehe, binamu yake alimpigia simu kutoka Mombasa kumweleza kwamba katika simu yake ndogo nambari ya kuagizia haionekani yote. Tarakimu nane zilionekana. Mbili za mwisho zilikuwa zimekatwa na ukingo. Kijana alitazama akaona ni kweli. Nambari ilikuwa ndani ya sanduku lenye upana usiobadilika, nalo lilikuwa limeamriwa kuficha chochote kinachozidi. Katika kompyuta pana palikuwa na nafasi ya kutosha. Katika simu nyembamba haikuwapo. Alikiuliza kivinjari amri ile imeandikwa wapi, nacho kikamjibu kwa uaminifu: katika "mtindo.css", mstari fulani. Akalifungua faili hilo, akaongeza amri ya kupunguza herufi katika vioo vyembamba, akahifadhi, akapeleka faili kwenye seva, akamwomba binamu atazame tena. Binamu akasema sasa nambari imetimia. Ilikuwa karibu na daku. Alikula, akaswali, akalala akiwa na raha ya mtu aliyetimiza wajibu.

Asubuhi mama alisema kwamba rangi ya kichwa cha ukurasa ni nyepesi mno. Angependa zambarau iliyoiva. Kijana alifungua "mtindo.scss", mahali ambapo rangi ile ilikuwa na jina, akabadili neno moja, akahifadhi. Mfasiri akaamka. Alisoma asili, akaandika tafsiri, na kwa kuwa katika asili hamkuwa na amri yoyote ya vioo vyembamba, katika tafsiri pia haikuwamo. Kazi ya usiku mzima ilifutika kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho. Kihariri chenyewe hakikutoa onyo, maana faili la CSS halikuwa na badiliko lililosubiri kuhifadhiwa. Kilionyesha maneno mapya kimya kimya. Kijana aliona zambarau imeiva, akapeleka mafaili yote kwenye seva, akaenda zake.

Siku tatu simu ya mama haikulia kwa agizo lolote lililotoka katika ukurasa. Waliopita mlangoni waliagiza kama desturi. Wa mbali walinyamaza. Mama alikata kitambaa cha magauni mawili ya kuonyesha, kisha akaacha kukata. Aliketi kando ya cherehani akikunja na kukunjua ncha ya jora. Siku ya nne mwanamke mmoja wa Pangani alifika kwa miguu yake. Alisema aliyaona magauni katika simu lakini nambari ile ina tarakimu nane, naye alijaribu kubahatisha mbili zilizobaki mpaka akachoka kuwaudhi watu asiowajua.

Mama alimwita mwanawe jioni, baada ya futari.

"Mwanangu, uliniambia nambari umekwisha kuirekebisha."

"Niliirekebisha, mama. Binamu aliiona."

"Mbona imerudi kama ilivyokuwa?"

"Sijui, mama. Labda kompyuta."

Mama hakuijua kompyuta, lakini aliijua kazi yake miaka thelathini. Chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku la bati lililojaa karatasi zilizokatwa kwa vipimo, kila moja imeandikwa jina la mteja kwa kalamu ya risasi. Nguo hazikuingia katika sanduku lile hata siku moja. Zilitundikwa kwenye kamba upande wa pili wa chumba.

"Mteja akija kujaribu gauni," alisema, "nikaona bega limembana, huliachia palepale. Akiondoka nisipolirekebisha bega hilo katika karatasi pia, gauni lake la pili litatoka na kosa lile lile, naye atasema fundi huyu hasikii. Wewe ulirekebisha nguo au karatasi?"

Kijana hakujibu upesi. Aliinuka, akaenda kwenye kompyuta, akafungua folda, akayatazama majina mawili yaliyofuatana, moja juu na moja chini, yenye tofauti ya herufi moja tu. Hapo alielewa alichokifanya. Alilihamisha rekebisho katika SCSS usiku ule ule, akalijaribu kwa simu yake mwenyewe, na nambari ikatimia tena. Hakujua wakati ule kwamba kihariri chake, tangu toleo la mwezi wa Machi 2022, huweka kumbukumbu ya kila faili lililohifadhiwa kwa mkono, na kwamba amri yake iliyofutika ilikuwa ikingoja katika kumbukumbu hiyo. Aliiandika upya kwa kukisia.

Lakini rekebisho halikumtosha. Aliona kwamba majina yale mawili yakiendelea kukaa pamoja, mkono wake utakosea tena usiku mwingine wa uchovu. Akaamua kuyatenganisha. Alifanya folda iitwayo "scss" kwa ajili ya asili, na akataka tafsiri ziende katika folda iitwayo "css". Alidhani ni kazi ya dakika tano. Ilimchukua siku mbili, na siku hizo mbili zinastahili kusimuliwa kuliko hata usiku ule wa hasara, maana makosa yake ndiyo ya wengi.

Mipangilio ya kiendelezi kile huandikwa kwa JSON, maandishi yenye mabano na alama za kunukuu ambayo hukasirika kwa koma moja iliyopotea. Ndani yake kuna neno "savePath", na mbele ya neno hilo huandikwa njia ya kufikia folda ya tafsiri. Kijana aliandika "/css". Akahifadhi asili, kiendelezi kikatoa taarifa kwamba tafsiri imefanyika, naye akafungua folda ya ukurasa wa mama yake. Hamkuwa na "css" ndani yake. Akahifadhi tena, taarifa ikatoka tena, folda haikutokea. Alianza kuamini kwamba programu inamwambia uongo.

Haikuwa uongo. Mkwaju ulioandikwa mwanzoni mwa njia ile una maana ya mzizi, na mzizi kwa kiendelezi hiki si mzizi wa diski wala si mahali lilipo faili. Ni ile folda ambayo mtu ameifungua katika kihariri. Kijana alikuwa na mazoea ya kufungua folda kubwa iitwayo "Kazi", iliyokuwa na kazi zake tatu ndani yake, ili asifungue na kufunga kila mara. Kwa hiyo "/css" ilikuwa na maana ya "css" iliyomo katika Kazi. Na huko, nje kabisa ya ukurasa wa mama, mafaili yake yote ya mtindo yalikuwa yamepangwa vizuri, yakimngoja. Neno lilikuwa lile lile, ila maana yake ilihama kwa kadiri mtu alivyosimama. Mtu aliyesimama barazani akisema "ndani" na mtu aliyesimama njiani akisema "ndani" hawaonyeshi mahali pamoja.

Kuna namna mbili za kuondoa shida hii. Ya kwanza ni kuifungua folda ya kazi yenyewe peke yake, ili mzizi wa kihariri na mzizi wa kazi uwe mmoja. Ya pili ni kuanza njia kwa alama ya wimbi, "~/", ambayo kwa kiendelezi hiki maana yake ni mahali lilipo faili linalofasiriwa, basi "~/../css/" husema: toka katika folda hii, panda hatua moja, uingie "css". Namna ya pili haijali mtu amefungua folda ipi, nayo ni kinga nzuri kwa wenye mazoea kama ya kijana yule. Lakini ina hila yake. Siku asili zikigawanywa katika folda ndogo ndani ya "scss", hatua moja ya kupanda haitoshi, na tafsiri za mafaili yale huangukia "css" nyingine iliyozaliwa ndani ya asili. Namna ya kwanza ni bora kwa mtu anayeweza kujizoeza, na kijana aliichagua hiyo. Wapo pia wasiotaka kiendelezi cha aina yoyote. Hao humwita mfasiri kwa amri ya maandishi, "sass --watch scss:css", ambayo upande wa kushoto wa nukta mbili hutaja asili na upande wa kulia hutaja tafsiri. Kwa unyofu amri hiyo haina mfano. Nayo pia husomwa kutoka pale aliposimama aliyeiandika.

Folda ilipotokea mahali pake, taabu ya pili ilimngoja mlangoni. Aliongeza ukubwa wa kichwa cha ukurasa; hakikuongezeka. Alibadili zambarau ikawa nyekundu kwa majaribio, ilibaki zambarau. Alifuta kumbukumbu ya kivinjari, akazima kompyuta na kuiwasha. Zambarau haikutikisika. Sababu ilikuwa katika faili la HTML. Kule kulikuwa na mstari unaokiambia kivinjari pa kuchukua mtindo, na mstari huo ulitaja "mtindo.css" iliyokuwa kando yake tangu zamani. Faili hilo la zamani halikuwa limefutwa. Mfasiri alikwisha kuhama nalo, akiandika tafsiri mpya kwingine, nalo lilikaa pale kama nakala ya gazeti la juzi ambalo bado linasomwa barazani. Laiti kijana angelifuta siku ile ile alipohamisha tafsiri, ukurasa ungalivunjika mara moja, ungalionekana mtupu usio na rangi, naye angalijua ndani ya dakika moja kwamba kiungo kimekosea. Kwa kulihurumia aliongeza saa nne za mashaka.

Kiungo kiliposahihishwa, nyekundu ikatokea, na picha ya kanga iliyokuwa nyuma ya kichwa ikapotea. Hili lilimkatisha tamaa kuliko yote, maana hakuwa ameigusa picha. Katika asili palikuwa na amri iliyotaja picha hiyo kwa njia fupi, "picha/kanga.jpg". Sass haibadili njia za namna hii. Huzinakili kama zilivyoandikwa. Na kivinjari, kinapokutana nazo, huzihesabu kuanzia lilipo faili la CSS, kwa kuwa faili la SCSS hakijapata kuliona. Zamani CSS ilikuwa jirani ya folda ya picha, na njia ilikuwa sahihi. Sasa CSS imehamia ndani ya folda yake, na kivinjari kilikuwa kikitafuta picha ndani ya "css", ambamo hamkuwa na picha hata moja. Ikambidi kijana aandike "../picha/kanga.jpg" katika asili, kwa kuzingatia makao ya tafsiri. Jambo hili huwasumbua wengi kwa sababu linapinga mazoea ya macho: mwandishi anaandika akiwa chumba hiki, lakini maneno yake yatasomwa na mtu aliye chumba kile, nayo hayana budi kumfaa huyo wa kule.

Mengine yalikuwa mepesi. Alipogawa asili yake katika sehemu tano, rangi, herufi, kichwa, bidhaa na mguu wa ukurasa, alishangaa kuona tafsiri tano badala ya moja. Dawa yake ni kistari cha chini mwanzoni mwa jina: faili liitwalo "_rangi.scss" mfasiri hulisoma anapoambiwa na faili kubwa, lakini halitolei tafsiri yake peke yake. Ramani aliirudisha, safari hii kwa adabu.

Mipangilio yote aliyokuwa ameiandika aliihamisha kutoka mipangilio yake mwenyewe, inayotawala kila kazi katika kompyuta ile, akaiweka katika folda iitwayo ".vscode" ndani ya kazi ya mama. Kihariri kikikuta mipangilio ya kazi, huitii hiyo kabla ya ile ya mtu. Faida yake haionekani kwa mtu mwenye kazi moja na kompyuta moja, ndiyo maana wengi hawaifanyi. Huonekana siku kazi inapohamia mikononi mwa mwingine. Tahadhari iko hapo pia: katika kompyuta za Mac na Linux folda yenye nukta mwanzoni mwa jina hufichwa, na mtu anayenakili kazi kwa kuchagua vitu anavyoviona huiacha nyuma.

Wapo wajuzi wasemao kwamba taabu zote hizi ni za zama zinazokwisha. Lugha ya CSS yenyewe imekua. Leo rangi huweza kupewa jina ndani ya CSS pasipo msaada wa Sass, na tangu mwaka 2023 vivinjari vikubwa vinakubali amri kuwekwa ndani ya amri. Kwa ukurasa mmoja wa magauni, mtu angeweza kuandika CSS moja kwa moja na asimhitaji mfasiri. Hoja yao ina uzito, na mwanafunzi anayeanza leo afadhali aifikirie kabla ya kusakinisha chochote. Lakini kazi zilizokwisha kujengwa kwa Sass ni nyingi, nazo zinahitaji wa kuzitunza; na hata Sass ikiachwa, mfasiri wa lugha nyingine atakuja na folda yake ya tafsiri. Pia upo ubishi wa zamani iwapo tafsiri ihifadhiwe pamoja na asili katika kumbukumbu ya kazi, au itupwe na kutolewa upya kila inapohitajika. Walio wengi makini huitupa. Kijana hakuthubutu; seva yake ilitaka CSS iliyokwisha kuiva, naye hakuwa na njia nyingine ya kuiandaa isipokuwa kompyuta ile moja.

Majora hayakuisha kwa Idi ya kwanza. Yalibaki mawili na nusu, na mama aliyafunga kwa shuka akayaweka juu ya kabati, akisema Idi ya kuchinja haiko mbali. Mwanamke wa Pangani alipata gauni lake, na alipolijaribu mama aliliachia bega kidogo; kisha, mteja angali amesimama, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda na kuchukua kalamu ya risasi.

Wiki mbili kabla ya Idi ya pili, binamu wa Mombasa alikuja Tanga na kompyuta yake. Alitaka kusaidia, maana kijana alikuwa na mitihani. Kijana alimpa folda nzima katika flashi, na ya ".vscode" ikiwamo, ila tafsiri alikuwa ameziacha nyuma ili kuona itakuwaje. Binamu aliifungua folda, akaisoma orodha toka juu hata chini.

"Mbona hapa hapana faili la CSS hata moja?"

"Hapana," alisema kijana. "Bonyeza kile kitufe cha chini, kisha fungua hiyo SCSS uihifadhi."

Binamu alifanya hivyo. Chini ya jina la folda ya picha halikutokea kitu. Juu yake, mahali palipokuwa patupu, likatokea jina "css", na ndani yake mafaili mawili. Mama, aliyekuwa akipiga pasi upande wa pili wa chumba, aliuliza kama zambarau bado ni ile ile.